“Dada, Faili Lako Limeharibika”: docx, odt na Habari ya Programu Huria

Nenda steshenari yoyote iliyo karibu na chuo, siku ya mwisho ya kupokea maombi ya kazi. Foleni imefika mlangoni. Dada mmoja anatoa flashi, kijana wa kompyuta anaichomeka na kufungua barua. Ukurasa mmoja umekuwa miwili, jedwali limezama chini ya picha, na jina la mwombaji limebaki peke yake ukurasa wa pili kama abiria aliyeachwa na daladala.

“Dada, faili lako limeharibika. Umeandikia programu gani?”

“LibreOffice.”

Foleni nzima inaguna. “Ndiyo maana. Hizo za bure hizo.”

Dada huyo nilikuwa mimi, miaka kadhaa iliyopita, na siku ile sikuwa na la kujibu. Leo ninalo, ila ni refu kuliko foleni ya steshenari. Faili halikuwa limeharibika hata kidogo. Na lile neno “bure” lilikuwa limewekwa pasipo pake.

Tuanze na vitu viwili ambavyo tumezoea kuviita kwa jina moja. Mtu akikwambia “nitumie Word” huenda anataka faili, na akisema “sina Word” anamaanisha programu. Ni mazoea yaleyale ya kuingia dukani kuomba Colgate ya kampuni nyingine. Dukani hayana madhara, kwenye kompyuta ndiyo chanzo cha nusu ya mkanganyiko.

Programu ni chombo cha kuandikia: Word ya Microsoft, Writer iliyo ndani ya LibreOffice, WPS Office kwenye simu, Google Docs kwenye kivinjari. Fomati (wengine wanaiita umbizo) ni utaratibu wa kuyahifadhi maneno yako, majedwali na picha zako, ili kesho programu iweze kuyasoma tena kama ulivyoyaacha. Herufi zinazofuata nukta kwenye jina la faili, yaani .doc, .docx, .odt, .pdf, ndizo zinazotaja utaratibu uliotumika. Chombo kimoja kinaweza kuandika kwa taratibu nyingi, na utaratibu mmoja unaweza kusomwa na vyombo vingi.

Watu wa pwani watanielewa upesi nikisema fomati ni kama hati ya kuandikia. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mpe kijana aliyesoma shule za leo barua ya namna hiyo, hataambulia hata neno moja; msomee kwa sauti, ataelewa sehemu kubwa. Lugha ni yake, hati ndiyo iliyomshinda. Lakini herufi zile hazina siri. Akitaka, atakaa na mwalimu wa madrasa miezi michache na barua itafunguka. Sasa fikiria hati ambayo alfabeti yake inajulikana na duka moja tu, na kila ukitaka kusoma barua ya babu yako lazima ununue miwani ya duka hilo. Duka likifungwa, barua unayo na kuisoma huwezi.

Hiyo ndiyo fomati funge. Fomati wazi ni ile ambayo alfabeti yake imechapishwa, na yeyote anaruhusiwa kutengeneza miwani bila kuomba kibali wala kulipia.

Faili za zamani za .doc zilikaa upande wa kwanza kwa miaka mingi. Watengenezaji wa programu nyingine walikuwa wakipapasa gizani, wanabahatisha kila kipande cha faili kina maana gani, hadi mwaka 2008 Microsoft ilipoyaweka maelezo yake hadharani kwa kila mtu. Kufikia wakati huo dunia nzima ilikuwa imeshazoea kwamba waraka ni Word na Word ni waraka.

Upande wa pili ulikuwa na historia yake. Kampuni ya Ujerumani iitwayo Star Division ilikuwa na programu ya ofisi inayoitwa StarOffice. Mwaka 1999 ikanunuliwa na Sun Microsystems ya Marekani, na mwaka uliofuata Sun ikaachia msimbo wake, yaani maandishi ya maagizo yanayoiunda programu, kwa umma. Ndivyo OpenOffice.org ilivyozaliwa. Fomati yake ikawa msingi wa ODF (OpenDocument Format, fomati wazi ya nyaraka), ambayo ilipitishwa kuwa kiwango na OASIS, shirika la viwango vya teknolojia, mwezi Mei 2005, kisha ikapewa namba 26300 na ISO, shirika la viwango la kimataifa, mwaka 2006. Faili zake ndizo hizi: .odt kwa maandishi, .ods kwa mahesabu, .odp kwa slaidi. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, sehemu kubwa ya watengenezaji waliingiwa na wasiwasi, na mwezi Septemba mwaka huohuo wakachukua msimbo ule, wakaupa jina la LibreOffice na kuuweka chini ya taasisi yao wenyewe, The Document Foundation, ambayo makao yake ni Berlin. Hawakuiba chochote. Leseni iliwaruhusu waziwazi, na jambo hilo nitalirudia.

Hapa wapenzi wa programu huria huteleza, na mimi niliwahi kuteleza nao, kwa kusema kwamba odt ni wazi na docx ni funge. Si kweli. Fomati ya docx, iliyokuja na Office 2007, kifurushi cha Microsoft chenye Word ndani yake, nayo ina kiwango kilichochapishwa, ISO 29500 cha mwaka 2008. Kilipita kwa mvutano mkubwa. Maelezo yake yalizidi kurasa 6,000, wakati ya ODF yalikuwa mamia tu, na Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufaa kupinga namna kilivyopitishwa. Rufaa zikatupwa.

Kwa nini kurasa zote hizo? Sababu moja ni mizigo ya zamani. Kuna kituko kimoja nakipenda sana. Ukifungua Excel, programu ya mahesabu ya Microsoft, na kuhesabu siku, utakuta ina tarehe 29 Februari 1900. Tarehe hiyo haijawahi kuwepo duniani. Mwaka 1900 haukuwa mwaka mrefu. Kosa lilikuwa la programu ya kale iitwayo Lotus 1-2-3, na Excel ikalinakili kwa makusudi ili mafaili ya wateja wa Lotus yasivurugike. Kosa likazeeka, likaheshimika, na hatimaye likaingia kwenye maelezo ya kiwango.

Sababu ya pili wakulima wa viazi wataifahamu. Sheria ya Tanzania inataka gunia lisizidi kilo 100. Sokoni, watu wanafunga lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Kiwango cha docx nacho kina sura mbili: ile kali, iliyosafishwa, na ile ya mpito, inayobeba tabia za Office za miaka iliyopita. Faili ambalo Word inakuhifadhia kwa kawaida, usipoigusa mipangilio, ni la mpito. Kwa hiyo mtengenezaji mwingine anayetaka kusoma docx za mitaani haimtoshi kulijua gunia la sheria, lazima ajue kubeba lumbesa. LibreOffice inaibeba vizuri zaidi kila toleo jipya linapotoka, ila mara nyingine kamba inakatika.

Kama bado mambo haya yanaonekana ya wataalamu, jaribu jambo moja. Chukua nakala ya faili lolote la odt au docx (nakala, tafadhali, siyo tasnifu yenyewe), badilisha herufi za mwisho ziwe .zip, kisha lifungue. Ni kifurushi tu! Ndani ya odt utakuta faili linaloitwa content.xml lenye maneno yako, styles.xml lenye mitindo, na folda ya picha ulizoweka. Ndani ya docx kuna folda inayoitwa word, na ndani yake document.xml. Maneno yako yapo humo, yamezungukwa na alama nyingi, lakini yanasomeka kwa macho. Hata LibreOffice na Word zikitoweka zote kesho, fundi mwenye subira anaweza kuyatoa. Ukilifanyia hivyo faili la .doc la zamani, hakuna zip inayofunguka.

Sasa neno “bure”. Kiingereza kina taabu ya kutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu chenye uhuru, na wenye lugha hiyo wamebishana miaka na miaka kwa sababu hiyo. Sisi tuna maneno mawili tofauti, halafu tunatumia baya. Bure ni bei, na kwa Kiswahili ni tusi pia; mtu akiitwa “bure kabisa” hajasifiwa. Huria ni haki. WPS Office iliyojaa kwenye simu zetu ina toleo la bure, lakini si huria: huoni msimbo wake, huruhusiwi kuubadilisha, na mwenyewe anaweza kubadili masharti anapotaka. LibreOffice ni huria, na katika matunda ya uhuru huo mojawapo ni kutolipia. Unaweza kuitumia kwa kazi yoyote, kuinakili kwa ofisi nzima, kuchunguza inavyofanya kazi, kuirekebisha na kugawa ulichorekebisha.

Haki hiyo ya kurekebisha si nadharia kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa OpenOffice ya Kiswahili na kuipa jina la Jambo OpenOffice. Hakuna aliyeandika barua Marekani kuomba ruhusa au kusubiri kampuni iamue kama soko la Waswahili lina faida. Walikaa, wakabishana kuhusu istilahi (na mtu aliyewahi kutafsiri menyu za kompyuta anajua ubishi wake), wakafanya.

Kuna aina ya tatu ya “bure” ambayo sitaki kuipita, ile ya fundi wa mtaani anayekuwekea Office iliyochakachuliwa kwa elfu kumi. Hiyo si bure wala si huria. Kile kiprogramu kidogo anachokitumia kuvunja kufuli ni njia inayojulikana ya kuingiza virusi, na ndiyo maana kabla ya kukiendesha anaizima antivairasi yako kwanza. Umewahi kumwachia funguo mlinzi anayekuomba kwanza umfunge mbwa?

Turudi steshenari, kwenye barua yangu iliyovurugika.

Mara nyingi mhalifu ni fonti, yaani muundo wa herufi uliouchagua. Faili la kawaida la odt au docx halibebi maumbo ya herufi ndani yake, linabeba jina la fonti tu. Likifika kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, programu inachagua nyingine inayofanana. Kama herufi za hiyo nyingine ni pana kidogo tu, neno la mwisho la mstari linasukumwa chini, mstari unasukuma mstari, na kufikia mwisho wa ukurasa jina lako limehamia ukurasa wa pili. Calibri ilikuwa fonti ya kawaida ya Word tangu toleo la 2007. Ni mali ya Microsoft, kwa hiyo LibreOffice haiwezi kuigawa. Badala yake inakuja na Carlito, fonti iliyochongwa makusudi kila herufi iwe na upana uleule wa Calibri. Kwa Times New Roman na Arial kuna familia ya Liberation, nayo imechongwa kwa kipimo hichohicho. Ukitumia hizo, mistari huvunjika palepale. Mimi siku ile nilikuwa nimepakua fonti ya mapambo mtandaoni ili barua ipendeze. Ilipendeza, kwenye laptopu yangu.

Na kwa wanaodhani jambo hili ni ugonjwa wa LibreOffice peke yake: kuanzia 2023 Microsoft imeiondoa Calibri kwenye nafasi yake na kuweka Aptos. Andika barua kwenye Office mpya, ifungue kwenye Office ya 2016 ya steshenari, isiyo na Aptos. Word kwa Word, na ukurasa unahama vilevile. Hapo foleni haigundui kosa la “za bure”, inalaumu printa.

Mhalifu wa pili ni sisi wenyewe. Tumejifunza kuandika kompyuta kwa kutazama wenzetu, na wenzetu walijifunza kwenye taipureta. Tukitaka tarehe ikae kulia, tunapiga spesi arobaini. Tukitaka ukurasa mpya, tunabonyeza Enter mpaka ufike. Ni sawasawa na kununua kiwanja kwa hatua: ishirini kwa ishirini, dalali mrefu anapiga hatua, unaridhika, akija mpima mfupi, ukuta wa jirani uko sebuleni kwako. Spesi ni hatua za dalali. Upana wake unategemea fonti, fonti ikibadilika mipaka yote inahama. Tarehe inapangwa kulia kwa kitufe cha kupanga kulia. Ukurasa mpya unaitwa kwa Ctrl na Enter, mara moja tu. Vichwa vya habari vinatumia mitindo, siyo kukuza herufi kwa mkono. Waraka ulioandikwa hivyo husafiri salama kutoka programu hadi programu. Ule wa spesi hauvuki hata meza.

Kama waraka ni wa kusomwa au kuprintiwa tu, usihangaike na lolote kati ya hayo: toa PDF. PDF nayo ni kiwango cha ISO tangu 2008, fonti zake kwa kawaida husafiri nazo, na LibreOffice inaitoa kwa kitufe kimoja. Kuna hata chaguo la kuficha faili zima la odt ndani ya PDF, hivyo anayetaka kusoma anasoma, na mwenye LibreOffice akiifungua anaweza kuendelea kuhariri. Matangazo ya kazi yanayodai “CV kwa Word” huwa yananishangaza. Unamwomba mgeni akutumie waraka ambao yeyote ofisini kwako anaweza kuubadilisha, ili iweje?

Kuhusu usalama nasikia swali lilelile: kama msimbo uko wazi, si kila mtu ataingia kwenye mafaili yangu? Kilicho wazi ni ramani ya namna kitasa kilivyotengenezwa. Ufunguo wako haumo. Waraka wa odt unaweza kufungwa kwa neno la siri, na ukilisahau, hata aliyeandika msimbo wenyewe hakusaidii.

Mhasibu, hata hivyo, ana haki ya kusita. Kama ofisi yako imejenga mahesabu yake juu ya makro za Excel, yale maagizo yanayojiendesha, usitegemee yahamie LibreOffice bila kuandikwa upya. Baadhi yatakimbia, mengine yatakwama katikati ya mwezi wa mishahara. Jiji la Munich, Ujerumani, lilijifunza hivyo kwa jasho. Liliamua mwaka 2003 kuhamia programu huria, likahamisha kompyuta karibu 15,000, na sehemu ya kazi ngumu ilikuwa violezo na makro vilivyokuwa vimeota kila idara kwa namna yake, mpaka wakalazimika kujiandikia programu ya kuvisimamia. Mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows. Wapinzani wa programu huria wanaipenda sana hadithi hii.

Hawasimulii yaliyotokea kwingine. Uingereza ilikuwa imeshaamua mwaka 2014 kwamba nyaraka za serikali zinazohaririwa kwa pamoja ziwe katika ODF. Na mwezi Aprili 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani hiyohiyo, lilitangaza kuhamisha kompyuta zake 30,000 kwenda LibreOffice. Habari hizo zilipofika kwenye makundi yetu ya WhatsApp, wengi waliuliza kwa nini Wajerumani, na utajiri wao, wanatafuta vya bure. Gharama ilikuwemo kwenye hesabu, ndiyo, lakini neno walilolisisitiza wao ni mamlaka: serikali isifike mahali ambapo kusoma nyaraka zake yenyewe kunategemea masharti ya muuzaji mmoja aliye nchi nyingine.  

Kwa mtu mmoja mmoja hakuna haja ya mapinduzi. Mimi naandika odt kwa kazi zangu, natuma PDF kwa wasomaji, na mwenzangu anayehariri kwa Word namtumia docx, kwa fonti za kawaida. Word yenyewe inafungua odt tangu 2009, watu wachache tu ndio wamejaribu.

Mwaka juzi mama alinipa flashi kuukuu. Alikuwa katibu wa VICOBA ya mtaani kwetu kuanzia 2006, na mihtasari yote aliiandika kwenye kompyuta ya mtumba, kwa kiprogramu cha ofisi kilichokuja nayo, ambacho mtengenezaji wake alishaacha kukitengeneza. Kikundi kilikuwa na mzozo wa hisa za marehemu mmoja na walihitaji kumbukumbu. Nilizunguka na flashi ile steshenari tatu, kila mahali, “mama, faili lako limeharibika.” Usiku nikalifungua kwa LibreOffice, kwa sababu kuna watu fulani, nisiowajua, waliokaa na fomati hiyo mfu wakaichambua hadi wakaifundisha programu kuisoma. Herufi zilikuwa zimechukua fonti nyingine na majedwali yalikuwa yamepinda, ila kila jina lilikuwepo na kila kiasi.

Hisa za marehemu zilikuwa kumi na mbili. Na ukurasa wa mwisho, kwa mkono wa katibu mwenyewe, katibu alikuwa anadaiwa faini ya shilingi 500 ya kuchelewa kikao. Mama anasema alishalipa.